Kitabu kisicho na mwandishi mbele ya polisi: uchambuzi wa kisa cha Tarnac

Kwa nini kisa hiki

Machi 2007 nyumba ndogo ya uchapishaji jijini Paris, La Fabrique, ilitoa kitabu chembamba kilichouzwa kwa euro 7. Mahali pa jina la mwandishi paliandikwa "Comité invisible", yaani Kamati Isiyoonekana. Mwaka mmoja na miezi minane baadaye kitabu hicho kilikuwa ndani ya jalada la kesi ya ugaidi, na mtu aliyedaiwa kukiandika alikuwa mahabusu. Kesi ilivutwa kwa karibu miaka 10 na mwishowe mashtaka mazito yote yakaanguka.

Kisa hiki, kinachoitwa kwa jina la Tarnac, kijiji kilichovamiwa na polisi, husimuliwa zaidi kama cha polisi waliojenga kesi juu ya mchanga, na ni kweli. Lakini kina upande mwingine unaotuhusu sisi tunaoandika, tunaohariri na tunaochapisha: nini hasa hutokea mtu anapoamua kutotia jina kwenye maandishi makali ya kisiasa, nani anabaki kujibu, na nani analipa. Hilo ndilo ninalolifuata hapa.

Washtakiwa na mashahidi sikuwataja, ingawa majina yao yalizagaa magazetini kwa miaka. Waliotajwa ni wale waliokuwa na vyeo vya umma au waliojitokeza wenyewe kusema.

Usuli

Ufaransa imegombania sahihi ya mwandishi kwa muda mrefu. Tarehe 16 Julai 1850, miaka miwili tu baada ya mapinduzi ya 1848, Bunge lilipitisha sheria iliyolazimisha kila makala ya gazeti inayojadili siasa, falsafa au dini iwe na sahihi ya aliyeiandika. Walioipigania walijua wanachokifanya. Makala isiyo na jina ni sauti ya gazeti zima. Ikishatiwa jina inakuwa maoni ya bwana fulani anayejulikana anakoishi. Sheria ya uhuru wa magazeti na uchapishaji ya tarehe 29 Julai 1881, ambayo bado inatumika, ilishika njia nyingine. Kila chapisho lazima lionyeshe jina na mahali pa mchapaji, na wa kwanza kushtakiwa ni mkurugenzi wa chapisho au mchapishaji, kisha mwandishi, kisha mchapaji, kisha muuzaji. Kwa hiyo mwandishi anaweza kukaa gizani bila kuvunja sheria, mradi yuko mtu mwingine amesimama mlangoni.

Hata sheria ya hakimiliki inamtambua mwandishi wa namna hiyo. Maadamu hajajitambulisha, mchapishaji ndiye anayemwakilisha katika haki zake, na kazi yake inalindwa kwa miaka 70 tangu ilipochapishwa.

Sababu za kutotia jina hazikuwa moja siku zote. Mwaka 1942, chini ya ukaliaji wa Wajerumani, Éditions de Minuit ilianza kutoa vitabu kwa siri kwa majina ya bandia kwa sababu jina la kweli lingemfikisha mtu mbele ya kikosi cha kupiga risasi. Novemba 1966, mjini Strasbourg, kijitabu juu ya unyonge wa maisha ya wanafunzi kilitolewa kwa fedha za chama cha wanafunzi wenyewe, na kilisainiwa kwa pamoja na wanachama wa kundi la Situationist, wanaharakati wa sanaa na siasa, na wanafunzi wa mji huo. Hapo hakuna aliyeogopa kuuawa. Walikataa wazo kwamba fikra ni mali ya mtu. Mei 1968, wakati wa maandamano makubwa ya wanafunzi na wafanyakazi, mabango yaliyotoka karakana ya chuo cha sanaa cha École des Beaux-Arts hayakuwa na sahihi ya msanii hata moja.

Ziko sababu mbili basi: usalama na msimamo. Kitabu cha 2007 kilizibeba zote mbili, na sidhani kama waliokitoa walizitenganisha vya kutosha.

Kitabu chenyewe, *L'insurrection qui vient*, yaani Uasi Unaokuja, kilizaliwa katika miaka ya joto kali. Oktoba 2005 vijana wawili walikufa kwa umeme Clichy-sous-Bois wakiwakimbia polisi, vitongoji vikawaka kwa wiki tatu, serikali ikatangaza hali ya hatari. Masika ya 2006 wanafunzi waliiangusha sheria ya mikataba ya ajira ya vijana. Waandishi walieleza mwanzoni mwa kitabu kwamba wao ni makarani wa hali iliyopo, wamepanga tu yale yanayosemwa baa na nyuma ya milango ya vyumba. Ndani yake walihimiza watu kuikimbia hadhara na kuugeuza ufichaji wa jina kuwa silaha. Mahali pamoja, katika sentensi ya swali, waliuliza namna ya kuifanya njia ya treni ya mwendokasi isitumike. Sentensi hiyo ikae akilini.

Kabla ya hapo kulikuwa na jarida liitwalo *Tiqqun*, lililotoka kati ya 1999 na 2001 kwa lugha inayofanana sana na ya kitabu hiki. Toleo lake la kwanza lilikuwa limechapisha majina ya bodi ya wahariri. Miaka minane baadaye orodha hiyo ilikuwa bado inasomeka.

Mfuatano wa matukio

Mtu wa kwanza kukikuza kitabu katika ofisi za dola alikuwa Alain Bauer, mtaalamu wa jinai aliyekuwa akiishauri serikali. Alinunua nakala kama 40 akawagawia wakuu wa usalama, akiwaonya kwamba hiki si cha kupuuzwa. Aprili 2008 upelelezi ulifunguliwa juu ya kundi la vijana waliohamia Tarnac, kijiji cha mkoa wa Corrèze kwenye uwanda wa Millevaches. Walikuwa na shamba, na walikuwa wameliinua upya duka la kijiji lenye baa, ambako wazee walinunua mahitaji yao.

Usiku wa kuamkia tarehe 8 Novemba 2008, vipande vya nondo vilivyokunjwa mfano wa kulabu vilining'inizwa kwenye nyaya za umeme juu ya reli sehemu kadhaa za nchi. Treni ya kwanza asubuhi inapopita, mkono wake wa kuchukulia umeme hunasa kwenye kulabu na kuuvuta waya chini. Treni haitoki relini, inasimama. Treni zipatazo 160 zilichelewa siku hiyo. Barua iliyotumwa kutoka Hannover kwa magazeti ya Ujerumani ilidai tendo hilo kwa jina la wapinzani wa nyuklia, kwa kuwa wakati huohuo taka za nyuklia zilikuwa zinasafirishwa kutoka Ufaransa kwenda Gorleben, Ujerumani.

Alfajiri ya tarehe 11 Novemba askari wapatao 150 waliingia Tarnac. Asubuhi hiyohiyo Waziri wa Mambo ya Ndani, Michèle Alliot-Marie, alitangaza kukamatwa kwa watu wa mrengo wa kushoto wenye msimamo mkali, kabla hata mahojiano hayajaanza kuiva. Siku nne baadaye watu tisa walifunguliwa mashtaka ya kushirikiana kihalifu kwa lengo la ugaidi. Aliyeitwa kiongozi wao alikaa mahabusu hadi tarehe 28 Mei 2009.

Jaladani mlikuwa na nguzo tatu. Ya kwanza ni ripoti ya polisi waliolifuata gari la mtuhumiwa usiku wa tukio, iliyojulikana kwa namba yake, D104. Ya pili ni shahidi wa siri aliyepewa namba 42, aliyemchora mtuhumiwa kama bwana mkubwa mwenye amri juu ya wenzake na asiyejali roho ya mtu. Ya tatu ni kitabu. Wapelelezi walidai kwamba mtuhumiwa ndiye aliyekiandika, na kwamba swali lile la treni lilikuwa mpango uliotangazwa mapema.

Maamuzi, na sababu zake

Tarehe 9 Aprili 2009 polisi wa kupambana na ugaidi walimwita Éric Hazan, mwanzilishi wa La Fabrique, kama shahidi. Hazan hakuwa mgeni wa shinikizo. Kabla ya uchapishaji alikuwa daktari wa upasuaji wa watoto. Walimuuliza kwa saa kadhaa, na swali kubwa lilikuwa moja: ni nani hawa? Alikataa kusema. Hakudai kwamba hawajui. Alishika kwamba kazi imetolewa kwa jina la kamati, na kwamba mwenye kujibu kwa niaba yake ni nyumba ya uchapishaji. Uamuzi huu ulikuwa sahihi kisheria na pia kitaaluma. Angethibitisha au kukanusha jina moja tu, angekuwa ameifungua orodha: kila jina ambalo baadaye asingelikanusha lingesomeka kama limekubaliwa.

Mshtakiwa mkuu alikuwa na mtego mgumu zaidi. Mei 2009, akiwa bado gerezani, alijibu kwa maandishi maswali ya gazeti la *Le Monde*. Alikana kuwa mwandishi, kisha akaligeuza swali: jambo la kutisha zaidi, alieleza, ni kwamba kitabu kizima kimeingizwa kwenye jalada, na watu wanahojiwa ili wakiri kwamba wanaishi kama kilivyoandikwa. Kukana kwake hakukubadili chochote. Mbele ya mpelelezi, anayekana kwamba hakuandika kazi isiyo na jina anafanya kile hasa ambacho mwandishi wake angefanya.

Uamuzi wa tatu ulikuwa wa kamati yenyewe. Oktoba 2014, kesi ikiwa bado mikononi mwa hakimu wa upelelezi, kitabu cha pili kilitoka La Fabrique kwa sahihi ileile, kikafuatiwa na cha tatu Aprili 2017. Wangeweza kunyamaza, au kujipa jina jipya. Kuiacha sahihi kungekuwa kukubali kwamba dola imeitwaa.

Matokeo

Nguzo zilianguka moja baada ya nyingine. Novemba 2009 shahidi namba 42 alionekana kwenye televisheni, uso umefichwa, akieleza kwamba polisi walimsukuma kusema aliyoyasema. Ilibainika pia kwamba mtu huyohuyo alikuwa amehojiwa mara nyingine kwa jina lake la kweli. Ripoti D104 ilibanwa na mawakili kuhusu saa, umbali na alama za matairi. Na taarifa nyingine juu ya kundi hilo zilikuwa zimetoka kwa askari kanzu wa Uingereza aliyeishi miaka kadhaa kati ya wanaharakati wa Ulaya kwa jina la bandia.

Agosti 2015 hakimu wa upelelezi aliondoa kipengele cha ugaidi. Upande wa mashtaka ukakata rufaa, ukashindwa Juni 2016, ukaenda hadi Cour de cassation, mahakama ya juu kabisa ya kesi hizi, ukashindwa tena Januari 2017. Washtakiwa wanane walipanda kizimbani Paris Machi 2018. Hukumu ilisomwa tarehe 12 Aprili, na jaji aliyeongoza akatamka kwamba kundi la Tarnac lilikuwa hadithi ya kubuni. Shtaka la kuharibu reli halikuthibitika. Yaliyobaki ni makosa madogo, mojawapo likihusu vitambulisho, ambalo mshtakiwa mmoja alilipata kifungo cha nje.

Kitabu hakikuondolewa sokoni hata siku moja. Kiliuzwa makumi ya maelfu ya nakala, kikatafsiriwa, na mwaka 2009 mtangazaji mmoja wa Fox News huko Marekani alikiinua mbele ya kamera kuwaonya watazamaji, jambo lililowaongezea wachapishaji wanunuzi wasiowatarajia. Hazan alifariki Juni 2024. Alichapisha vitabu vyote vitatu vya kamati.

Uchambuzi: kilichofanya kazi

Kilichokilinda kitabu ni jina la mchapishaji, wala si giza la waandishi. Hili mara nyingi linasahaulika na vijana wanaodhani kutotia jina ni ngao ya kutosha. La Fabrique ilikuwa na anwani, duka lililopokea vitabu vyake, mhariri mwenye sura na sauti. Dola ilipotaka mtu wa kumuuliza, alikuwepo. Na kwa kuwa alikuwepo, haikuwa rahisi kukiita kitabu karatasi ya wahuni iliyookotwa vichochoroni.

Hapa pana jambo la kisheria linalostahili kutazamwa kwa karibu. Chini ya sheria ya 1881, kosa la maneno yaliyochapishwa kwa kawaida hufutika baada ya miezi 3 isiposhtakiwa. Kitabu kilitoka Machi 2007, na watu walikamatwa Novemba 2008. Njia ya kukishtaki kitabu kwa kile kinachosema ilikuwa imefungwa zamani, na njia hiyo ingedai kesi ya wazi juu ya uhuru wa kusema, huku mchapishaji akiwa wa kwanza kizimbani. Kwa hiyo kitabu kiliingia kwa mlango wa nyuma, kama ushahidi wa nia ya mtu. Maneno ambayo hayakuwa kosa yakatumika kuonyesha kwamba tendo lisilothibitika ni ugaidi. Ninaliona hili kuwa jambo la hatari kuliko yote katika kisa hiki, na halihusu mrengo wa kushoto peke yake. Mwandishi yeyote wa siasa, awe na jina au asiwe nalo, anaweza kukuta ukurasa wake umegeuzwa hivyo.

Ukimya wa Hazan ulisimama kwa sababu ulikuwa na msingi. Haukuwa ujeuri. Sheria ilimpa nafasi ya kumwakilisha asiyejulikana, naye aliijaza.

Uchambuzi: kilichoshindwa

Nafasi tupu hujazwa. Waandishi waliacha pengo mahali pa jina, wakiamini pengo hilo litaonekana kama sauti ya wengi. Polisi na magazeti waliona kiti kisichokaliwa, wakamtafuta wa kumkalisha. Lengo lilikuwa kumwondoa mwandishi mkuu, nabii, mwenye wafuasi. Matokeo yakawa mtu mmoja kugeuzwa nabii kwa nguvu, na wenzake, hasa wanawake waliokuwa na fikra zao kamili, kuandikwa magazetini kama wafuasi wake.

Naamini sehemu ya kosa iko kwenye maandishi yenyewe. Mabango ya Mei 1968 hayakumfanya mtu atafute msanii kwa sababu yalikuwa mengi, ya mikono mingi, yamebandikwa kila ukuta. Kitabu cha 2007 kimeandikwa kwa ufundi mkubwa na kwa sauti moja isiyotetereka tangu mwanzo hadi mwisho. Sauti ya namna hiyo inaita jina. Anayesoma kurasa kumi anataka kumjua msemaji, na aliyewahi kusoma *Tiqqun* anadhani keshamjua. Sahihi ya pamoja juu ya sauti ya mtu mmoja, au inayosikika kama ya mtu mmoja, haifichi kitu. Washairi wetu wa magazetini hutumia lakabu bila matatizo kwa sababu lakabu hiyo haikusudiwi kuficha; msomaji anamjua Fulani kwa lakabu yake kuliko kwa jina la kuzaliwa. Ukitaka kweli kufichika, mtindo nao ufichwe, na mwandishi mzuri hapendi kufanya hivyo. Kamati haikupenda.

Halafu kuna dola nayo, iliyotumia watu wasio na jina bila haya. Sheria ya mwenendo wa makosa ya jinai ya Ufaransa inaruhusu shahidi wa siri, lakini inakataza kumtia mtu hatiani kwa neno la shahidi huyo peke yake. Sababu yake ni ya wazi: asiye na jina hawezi kubanwa maswali ipasavyo, hajulikani ana kisasi gani, hakuna anayemlipisha akidanganya. Tahadhari hiyohiyo ilipaswa kutumika kwa kitabu. Maandishi ambayo hakuna aliyethibitisha ni ya nani hayana uzito wa kuonyesha nia ya mtu fulani. Upande wa mashtaka uliendelea kuyatumia hivyo hadi mwaka 2015, miaka saba baada ya kukamata watu.

Lawama nyingine inatoka upande wa kushoto wenyewe, nami naona ina haki. Kitabu kinachouliza namna ya kusimamisha treni, kisha kikamwachia msomaji swali hilo bila mtu wa kuulizwa "mlimaanisha nini?", kinawabebesha wengine mzigo. Utetezi kwamba sisi ni makarani tu wa hali iliyopo hautoshi. Karani anayechagua maneno makali anajua yanakokwenda. Mchapishaji alijibu kisheria, lakini hakuweza kujibu kifikra kwa niaba yao, na mjadala uliopaswa kuwa juu ya hoja ukageuka kuwa msako wa mtu.

Waliolipa

Tarnac kulikuwa na watu ambao hawakuandika hata aya moja. Walikuwa na mbuzi, duka, watoto wa kupeleka shule. Kwa kuishi karibu na mtu aliyedhaniwa kuwa mwandishi, walisomewa maisha yao kama tafsiri ya kitabu: kutokuwa na simu ya mkononi kukawa dalili ya kujificha, kuishi pamoja kukawa dalili ya kundi. Wanakijiji walioanzisha kamati ya kuwatetea, wengi wao wazee, walieleza tena na tena kwa waandishi wa habari kwamba hawa ndio wanaowaletea mkate nyumbani. Ilichukua wiki nyingi kabla magazeti hayajaanza kuwasikiliza.

Mchapishaji anayepokea leo mswada usio na jina ana hesabu hiyo ya kufanya mapema, akiwa na waandishi mezani: nani anaishi nao, nani amewahi kusaini nao karatasi miaka ya nyuma, na nani atagongewa mlango alfajiri badala yao. La Fabrique ilikuwa tayari kusimama kwa ajili ya kitabu. Hakuna aliyekuwa ameandaa chochote kwa ajili ya duka la Tarnac.